Kutia injini ya dizeli kwenye Pijo 504: piga hesabu kwanza, kisha tazama breki

Kila tarehe 14 ya mwezi, jioni, mjomba wangu huwasha redio akasubiri tangazo la EPRA. Wenzake husubiri matokeo ya mpira, yeye husubiri bei ya petroli. Ana pikapu ya Pijo 504 aliyokuwa nayo tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Siku tano kwa wiki huitoa Kilifi alfajiri ikiwa imejaa nazi, maembe au mihogo kulingana na msimu, akashusha mzigo soko la Kongowea, kisha akarudi. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 120.

Mwaka 2023 ndio uliomchosha. Mwezi wa Julai kodi ya VAT kwenye mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na ilipofika Oktoba lita moja ya petroli jijini Nairobi ilikuwa shilingi 217.36 na dizeli 205.47. Sisi wa Mombasa hulipa pungufu kidogo kwa kuwa mafuta yanateremshwa hapa kwetu, lakini hicho kidogo hakikumfaa kitu. Siku moja akanipigia simu.

"Mpwa wangu, wenzangu wameng'oa injini za petroli wakatia dizeli. Wanasema gari zao sasa zinakula nusu ya mafuta. Na mimi nitie?"

Swali hili nimeulizwa na watu wengi, kwa sababu mimi nami nina 504. Yangu ni saluni niliyoachiwa na marehemu baba. Nikakaa na mjomba tukalichambua jambo hili kwa kalamu na karatasi, na mwisho gari zetu mbili za ukoo mmoja zikapata majibu mawili tofauti. Yake ikatiwa dizeli. Yangu ikabaki na petroli yake. Leo nataka kueleza kwa nini, na kueleza pia lile lililotukuta Likoni, ambalo lingeweza kutupeleka pabaya.

Gari hii ni yetu pia

Pijo 504 ilitoka kwao Ufaransa mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikachaguliwa gari bora la mwaka Ulaya. Huku kwetu ilijipatia jina kwenye vumbi na matope. Ove Andersson alishinda Safari Rally nayo mwaka 1975, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda tena na 504 ya milango miwili. Kwao Ulaya saluni ilikoma kutengenezwa mwaka 1983, lakini hapa Kenya zikaendelea kuunganishwa mpaka miaka ya mwanzo ya 2000. Na ziliunganishwa papa hapa Mombasa, katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers. Ndiyo maana mpaka leo ukiwa na 504 hukosi fundi anayeijua, na spea zake, mpya au za kuchomoa, bado zinapatikana.

Kuna jambo moja ambalo wengi hulisahau. Pijo wenyewe walikuwa mabingwa wa dizeli kabla ya wengi. Waliuza gari ndogo ya dizeli, 403, mwaka 1959. Na 504 yenyewe ilitoka kiwandani ya aina mbili, ya petroli na ya dizeli. Kwa hiyo anayetia dizeli kwenye 504 yake hatungi kitu kipya. Gari yenye umbo hilohilo, yenye injini ya dizeli, imeshafikiriwa na wahandisi wake. Hilo litatusaidia mbele tutakapofika kwenye kuchagua injini.

Dizeli huokoa mafuta vipi?

Injini ya petroli huvuta hewa iliyochanganywa na petroli, ikaibana mara 8 au 9 hivi, kisha plagi ikapiga cheche. Injini ya dizeli huvuta hewa tupu. Huibana sana, kwa injini hizi za zamani mara 20 na zaidi, mpaka hewa yenyewe inapata joto la zaidi ya digrii 500. Hapo nozeli hupuliza mafuta, nayo huwaka yenyewe bila cheche.

Faida zake ni tatu. Kwanza, kadiri unavyoibana hewa zaidi ndivyo unavyopata kazi nyingi zaidi kutoka kwa tone lilelile la mafuta. Pili, injini ya petroli ina kifuniko kwenye kabureta kinachoiziba pumzi unapoendesha polepole. Ni kama mtu anayekimbia huku amezibwa pua. Dizeli haina kizibo hicho, inavuta hewa yake yote na kupunguza mafuta tu. Ndiyo maana dizeli huokoa zaidi kwenye foleni na mwendo wa pole kuliko barabara kuu. Tatu, lita ya dizeli ni nzito kuliko ya petroli na ina nguvu zaidi ndani yake, kama asilimia 10 hivi.

Hasara zake nazo zipo. Injini ni nzito, ina mtikisiko na kelele, na haina mbio. Petroli ya lita 2 ya 504 hutoa nguvu za farasi zaidi ya 90. Dizeli ya Pijo iitwayo XD2, yenye ujazo wa sisi 2304, hutoa kama 70. Ukizoea kupita malori kwa kukanyaga tu pale Mtwapa, utajifunza subira.

Mali bila daftari hupotea bila habari

Sasa tuje kwenye pesa. Nitatumia bei za mviringo ili hesabu ieleweke: petroli shilingi 180, dizeli 170. Wewe weka bei za mwezi wako.

Hesabu ya kwanza ni ile inayopigwa vibarazani. Pikapu ya mjomba ilikuwa imechoka, inakwenda kilomita 8 kwa lita ya petroli. Hiyo ni shilingi 22.50 kila kilomita. Ikitiwa dizeli, tuseme itakwenda kilomita 12 kwa lita, yaani shilingi 14.17. Tofauti ni shilingi 8.33 kila kilomita. Mjomba anakwenda kilomita 600 kwa wiki, na kwa wiki 50 za kazi ni 30,000 kwa mwaka. Akiba yake ni karibu shilingi 250,000.

Gharama nazo tulizipanga hivi: injini na giaboksi ya kuchomoa 150,000, ufundi 60,000, vitu vidogo vidogo 50,000, makaratasi na dharura 20,000. Jumla 280,000. Kwa hesabu hii pesa zinarudi baada ya miezi 13 na nusu. Mjomba alitabasamu, akataka kwenda kutoa pesa siku hiyohiyo.

Nikamwambia asubiri. Hesabu hiyo ina kasoro, nayo ni kwamba inalinganisha petroli mgonjwa na dizeli mzima. Injini yake ilikuwa na kabureta iliyolegea, valvu zilizokaa vibaya na plagi za mwaka juzi. Kwa shilingi 70,000 fundi angeitengeneza vizuri, na ingekwenda kilomita 10 kwa lita, yaani shilingi 18 kila kilomita. Kwa hiyo linganisha mzima na mzima. Tofauti inashuka kutoka shilingi 8.33 mpaka 3.83. Akiba ya mwaka inakuwa kama 115,000. Na gharama ya ziada ya kutia dizeli badala ya kutengeneza petroli ni 280,000 ukitoa 70,000, yaani 210,000. Pesa zinarudi baada ya miezi 22 hivi.

Miezi 22 si 13, lakini kwa mtu anayefanya kazi na gari kila siku, na aliyekusudia kuendelea nayo miaka mitano au sita, bado ni biashara. Mjomba akasema inamtosha.

Kisha tukaigeukia saluni yangu. Mimi huitoa Jumapili na siku za harusi. Kilomita 60 kwa wiki, 3,000 kwa mwaka. Akiba yangu ni shilingi 11,500 kwa mwaka. Kurudisha 210,000 kunahitaji miaka 18. Ningekuwa nanunua hasara kwa pesa taslimu, na juu yake naharibu gari ya baba. Maana anayenunua gari ya zamani leo anatafuta ile yenye injini yake ya asili, na namba zake zikiwa zinafanana na za kwenye logibuku.

Wazee walituambia tusisafirie nyota ya mwenzio. Swali lako la kwanza lisiwe dizeli inakula kiasi gani. Liwe wewe unakwenda kilomita ngapi kwa mwaka. Kwa bei na gharama hizi, aliye chini ya kilomita 10,000 atangoja miaka mitano na zaidi kabla ya kuona faida. Huyo afadhali atengeneze kabureta yake alale.

Injini ipi?

Kwenye gereji utaonyeshwa injini za aina mbili. Kuna ya Pijo yenyewe, ile ya ukoo wa XD, na kuna za Kijapani za kuchomoa kwenye matatu na pikapu: Toyota 2L na 3L, Nissan TD27, Isuzu 4JA1.

Za Kijapani ni nzuri na spea zake ziko kila kona. TD27 inazungushwa kwa gia badala ya mkanda wa taimingi, hivyo hakuna mkanda wa kukatika njiani. Isuzu 4JA1 hupuliza mafuta moja kwa moja juu ya pistoni, bila kile chumba kidogo cha pembeni cha injini nyingine za zamani, na kwa sababu hiyo hula kidogo zaidi, ingawa hutikisika zaidi.

Tatizo ni namna 504 ilivyoundwa. Kwenye 504 nyingi shafti haiko wazi chini ya gari kama kwenye Toyota. Imefungiwa ndani ya bomba nene la chuma lililofungwa kwenye giaboksi na kwenda mpaka kwenye difu. Ukileta injini na giaboksi ya Kijapani, bomba hilo halina pa kushikilia. Fundi itambidi achonge sahani ya chuma ya kuunganisha injini ya kigeni na giaboksi ya Pijo, au akate bomba na kubuni jambo lingine. Sahani ikikosewa kwa unene wa ukucha, klachi na beringi za giaboksi zitakulipisha kila baada ya miezi michache.

Kwa hiyo mjomba alitafuta XD2 iliyochomolewa kwenye 504 nyingine ya dizeli iliyogongwa nyuma. Alinunua injini pamoja na giaboksi yake, mikono ya kushikilia injini, rejeta na pampu zake. Mambo hayo yote ni muhimu. Injini ya petroli ya 504 imelazwa pembeni kwa digrii 45, wakati ya dizeli imesimama zaidi. Giaboksi na mikono ya petroli haiwezi kuikaa dizeli hata kama zote ni za Pijo. Ukinunua injini peke yake kwa sababu ni bei nafuu, utarudi kutafuta hivyo vingine kimoja kimoja kwa bei ya mwenye navyo.

Kuna onyo moja la kuongeza. Dizeli za kisasa zinazotegemea kompyuta zinajulikana kwa kula kidogo, lakini usishawishike kuitia kwenye gari ya mwaka 1980. Pampu, nozeli, nyaya na kompyuta yake ni mwili mmoja. Kimoja kikiugua, fundi wa mtaani hana la kukusaidia. Kwa gari ya zamani chukua injini yenye pampu ya kawaida, isiyohitaji umeme ila wa kuwasha na kuzima.

Yanayozunguka injini

Injini ikishakaa, watu hudhani kazi imekwisha. Ndiyo kwanza imeanza.

Kwanza tazama bodi. Sisi tunaishi na upepo wa chumvi. Kabla ya kutia injini nzito, piga nyundo polepole pale mikono ya injini inaposhikilia na pale springi za mbele zinapokaa. Ukisikia sauti ya mkate badala ya chuma, chomelea kwanza au acha kabisa. Springi za mbele nazo zibadilishwe ziwe za gari ya dizeli, la sivyo pua ya gari itainama na usukani utakuwa mzito.

Pili ni umeme. Kubana hewa mara 20 kunahitaji stata kubwa na betri yenye nguvu. Nyaya za betri ziwe nene. Plagi za joto zinazopasha chumba kabla ya kuwasha zinahitaji waya wake na rilei yake. Watu husema Pwani ni joto hivyo hazihitajiki. Zinahitajika. Bila hizo utaisulubu stata kila alfajiri.

Tatu ni mafuta. Petroli ina bomba moja kutoka kwenye tanki. Dizeli inataka mawili, moja la kwenda na jingine la kurudisha yanayobaki. Tanki lioshwe kabisa, maana kutu na masalio ya petroli ni sumu kwa pampu. Tia filta yenye kikombe cha kutenga maji, na kila wiki kimwage. Hewa yetu ina unyevu, na tanki linalolala nusu tupu hukusanya maji.

Tena, nunua mafuta mahali unapopaamini. Serikali ilitia ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa sababu watu walikuwa wakiyachanganya na dizeli. Pampu ya dizeli hulainishwa na mafuta hayohayo inayoyasukuma. Mafuta ya taa hayana ulaini huo, na pampu ikikwaruzika gharama yake inafuta akiba yako ya mwaka mzima.

Siku ya Likoni

Nimeacha breki mpaka hapa makusudi.

Wiki ya pili baada ya kazi kwisha, mjomba alipata mzigo wa kupeleka Ukunda. Nikamsindikiza. Tulikaa foleni ya feri karibu saa nzima, jua la saa saba, injini inanguruma polepole. Zamu yetu ilipofika tukaanza kuteremka kuelekea kwenye feri, na watu kwa miguu wamejaa pande zote kama kawaida ya Likoni.

Mjomba akakanyaga breki mara ya kwanza, ikashika. Akakanyaga mara ya pili, pedali ikawa ngumu kama jiwe. Gari haikusimama. Nilimwona ameinuka kwenye kiti, amekanyaga kwa miguu miwili, mkono mmoja kwenye honi na mwingine unavuta breki ya mkono. Tukasimama hatua chache nyuma ya mama aliyebeba kikapu kichwani. Yeye hakujua hata kilichotokea. Mjomba alikaa kimya mpaka tulipofika ng'ambo, kisha akasema tu, "Alhamdulillahi."

Kilichotokea ni hiki. Breki za gari nyingi husaidiwa na servo, lile duara la chuma nyuma ya pedali, ambalo hufanya kazi kwa kunyonywa hewa. Injini ya petroli hufanya unyonyaji huo yenyewe, kwa sababu ya kile kizibo cha kabureta nilichokieleza. Injini ya dizeli haina kizibo, kwa hiyo haina unyonyaji. Lazima iwe na pampu yake ya kunyonya hewa. Kwenye injini nyingi za Kijapani pampu hiyo iko nyuma ya alteneta.

Pampu ya mjomba ilikuwapo na ilikuwa nzima. Lakini fundi, ambaye kwa mengine yote alifanya kazi safi, aliiunganisha na servo kwa kipande cha hosi ya kawaida ya maji. Ilipopata joto la foleni ikalainika, na pampu ilipovuta ikasinyaa na kujifunga. Pia hakuweka ile valvu ya njia moja inayohifadhi unyonyaji ndani ya servo. Kwa hiyo tulibaki na msaada wa kukanyaga mara moja tu. Hosi sahihi, ile ngumu yenye nyuzi ndani, pamoja na valvu yake, gharama yake haikufika bei ya kuku mmoja.

Fundi alipoelezwa hakubishana. Alikuja mwenyewe Kilifi akaibadilisha, akaomba radhi. Lakini radhi hiyo tungempelekea nani kama yule mama angekuwa hatua tatu nyuma?

Kwa hiyo kabla hujaichukua gari gereji, fanya jaribio hili. Zima injini, kanyaga breki mara tano mpaka pedali iwe ngumu. Endelea kukanyaga, kisha washa. Pedali inapaswa kushuka kidogo chini ya mguu wako. Isiposhuka, servo haipati kitu, usiitoe gari. Kisha iache injini ingurume nusu saa ipate joto kamili, urudie jaribio. Lile la pili ndilo lingetuonyesha tatizo letu.

Logibuku na bima

Logibuku ya Kenya ina namba ya injini, ujazo wake na aina ya mafuta. Ukibadilisha petroli kuwa dizeli, umebadilisha yote matatu. Gari uliyonayo na gari iliyo kwenye karatasi si moja tena.

Maombi ya kubadilisha hupelekwa NTSA kupitia huduma zao za mtandaoni za eCitizen, na gari hupelekwa kukaguliwa. Utatakiwa kuonyesha injini ilitoka wapi. Kama imetoka ng'ambo, dai risiti na karatasi za forodha. Kama imechomolewa kwenye gari ya hapa, dai nakala ya logibuku ya gari hiyo, kitambulisho cha muuzaji na mkataba uliotiwa sahihi. Muuzaji akikwambia karatasi zitakuja baadaye, pesa nazo ziende baadaye. Injini ya wizi ikipatikana kwenye gari yako, wewe ndiye utakayeeleza.

Kisha iarifu kampuni ya bima kwa maandishi, na uweke nakala. Mkataba wa bima umejengwa juu ya kusema ukweli wote. Siku ya ajali, mkaguzi akiona injini isiyo kwenye logibuku, umempa sababu ya kukataa kulipa. Wengi wetu hulipa bima miaka kumi, tukaipoteza kwa karatasi moja.

Kabla hujampa fundi pesa

Haya ndiyo tuliyojifunza mimi na mjomba, kwa ufupi:

1. Andika kilomita zako na lita zako kwa mwezi mzima. Usikisie.
2. Uliza bei ya kuitengeneza vizuri injini uliyonayo, uilinganishe na hiyo, si na ugonjwa wake.
3. Isikie injini ikiwa inawaka kabla ya kununua, na iwe baridi unapofika. Ikiwa umeikuta moto, jiulize kwa nini. Tazama moshi: mweusi kidogo ukikanyaga si ajabu, wa bluu unaoendelea ni oili inaungua, mweupe usiokwisha injini ikiwa moto ni dalili mbaya.
4. Nunua injini na giaboksi, mikono, rejeta na pampu zake pamoja.
5. Andikianeni na fundi: kazi gani, bei gani, siku ngapi, na nani analipa kikikosekana kitu. Lipa kwa awamu, ya mwisho baada ya jaribio la breki.
6. Injini ya zamani usiiuze haraka. Ipake oili, ifunge turubali, iweke juu ya mbao mahali pakavu. Mwenye gari ya zamani hajui kesho mtoto wake atataka nini.

Mjomba sasa ana daftari dogo kwenye dashibodi. Miezi minane imepita, na pikapu inakwenda kilomita 11 na nusu kwa lita, si 12 tulizotarajia. Kwa hiyo pesa zake zitachelewa kidogo kurudi, na hajalalamika, kwa sababu aliijua hesabu tangu mwanzo. Anasema tu kwamba inapanda polepole kutoka daraja la Kilifi, na kelele zake zinawaamsha majirani alfajiri kabla ya jogoo.

Saluni ya baba iko uani. Nimeitengenezea kabureta, nimebadilisha plagi, na Jumapili huiwasha nikaenda nayo mpaka Mama Ngina na kurudi. Inakula petroli, ni kweli. Lakini kwa kilomita zangu 60 kwa wiki, ninachokula mimi kule nikifika, mihogo na madafu, kinanigharimu sawa na hiyo petroli.